SULUHU YA DHULUMA HURUDISHWA
Nasaha kwa wanaozima kesi za mabinti wa vyuoni kwa jina la sulhu

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Aliyejiharamishia dhuluma na akaifanya haramu baina ya waja Wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Sahaba zake na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika vikao viwili vya viongozi wa misikiti nilivyohudhuria siku za karibuni, nimesikia hoja moja ikitolewa kwa kujiamini sana. Palizungumzwa habari ya mabinti zetu walioko vyuoni, wanaoingiliwa kwa nguvu au kupigwa na vijana wanaosoma nao. Akasimama mzee mmoja tunayemheshimu, akasema: "Mnatuhimiza twende polisi na mahakamani, nao Wamarekani waliowafundisha hayo wameshachoka. Vyuo vyao leo vinakaa kikao na kusuluhisha. Wamerudi kwenye jambo letu, sulhu." Watu wakaitikia kwa takbira.

Mimi sikuitikia. Si kwa kuwa napinga sulhu, kwani nani Mwislamu ataipinga na Allah (s.w.) Ameitaja kuwa ni kheri? Nilinyamaza kwa sababu mbili. Kwanza, nilitaka kujua hao Wamarekani wanafanya nini hasa. Pili, niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo hapa kwetu, na kalamu iliyoandika sulhu ile ilikuwa mkononi mwangu. Makala hii ni matokeo ya sababu zote mbili. Nasema mapema, ili asiyependa aache kusoma: yale tunayoyafanya barazani kwetu si sulhu ya Kiislamu, wala si yale yanayofanywa Marekani. Ni kuzika dhuluma, kisha kuisomea dua.

KIKAO NILICHOKIANDIKA

Nilikuwa nimerudi masomoni si muda mrefu. Watu wa mtaa walipenda kuniita kwenye mambo yao kwa kuwa naandika vizuri na nayajua matamko ya wanachuoni. Usiku mmoja baada ya Isha nikaitwa nyumbani kwa mzee fulani. Tulikuwa wanaume saba: baba wa binti, ami yake, baba wa kijana, mjomba wake, imamu, mzee mwenye nyumba na mimi. Kijana hakuwepo, walisema ana mitihani. Binti alikuwepo, lakini nyuma ya pazia, pamoja na mama yake.

Nikaelezwa kwamba "kumetokea jambo" baina ya vijana wawili wanaosoma chuo kimoja. Neno ubakaji halikutamkwa usiku ule hata mara moja. Lilisemwa neno "jambo", likasemwa neno "ajali", likasemwa neno "ujana". Baada ya saa moja na nusu ikakubaliwa kwamba upande wa kijana utoe shilingi milioni moja, nusu pale pale na nusu baada ya mavuno, na upande wa binti usilifikishe jambo hilo polisi wala kwa uongozi wa chuo. Nikaandika. Nikatumia maneno mazuri ya ukhuwwa na kusameheana. Wakatia saini, ikaletwa chai na maandazi, tukaomba dua, tukaondoka.

Binti yule hakurudi chuoni. Alikuwa mwaka wa pili. Angerudi vipi, na yule kijana anakaa naye darasa moja, na hapana yeyote chuoni aliyeambiwa chochote? Kijana alimaliza masomo yake, akapata kazi. Miezi mingi baadaye nilikutana na mama wa binti njiani. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Ustadhi, katika ile karatasi, mwanangu ulimwandika jina?"

Nikaenda kuitafuta nakala yangu. Majina ya wanaume saba yalikuwemo yote. Jina la kijana lilikuwemo. Jina la binti halikuwemo. Niliandika "binti wa fulani". Mkataba wa kusamehe, na anayedaiwa kuwa amesamehe hakutajwa, hakuulizwa wala hakutia saini. Naomba msamaha kwa Allah (s.w.), na ninaandika haya ili asiwepo mwingine atakayeandika karatasi kama ile.

NI KITU GANI WANACHOKIFANYA MAREKANI?

Kwa msaada wa vijana wetu wanaosoma chuo kikuu, nilifuatilia habari hii ili tusizungumze kwa dhana. Nimekuta kwamba utaratibu unaotajwa huitwa haki ya urejesho, yaani haki inayouliza ni nani aliyeumizwa, ana haja gani, na nani anapaswa kulipa na kutengeneza kilichoharibika. Haukuanzia vyuoni. Mwaka 1974, karibu na mji wa Kitchener nchini Kanada, vijana wawili waliofanya uharibifu wa mali walipelekwa mlango kwa mlango kukutana na waliowadhuru na kulipa. Mwaka 1989 New Zealand ikatunga sheria ya watoto na vijana iliyoweka vikao vya familia, kwa kuzingatia mila za Wamaori. Makosa ya kujamiiana yaliachwa pembeni kwa muda mrefu, kwa kuogopwa yale yale tutakayoyataja.

Ama vyuo vya Marekani, msingi wa mambo yao ni sheria ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Dhuluma ya kingono huhesabiwa kuwa ni katika ubaguzi huo, kwani binti anayeogopa kuingia darasani amenyimwa elimu. Mwaka 2013 sheria yao nyingine ikavitaka vyuo vihesabu na kutangaza pia ukatili baina ya wapenzi na tabia ya kumnyemelea mtu. Wala tatizo lao si dogo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2019 katika vyuo vikuu 33, ukajibiwa na wanafunzi zaidi ya 180,000, ulionyesha kuwa wanafunzi 13 katika kila 100 walifanyiwa jambo la kingono kwa nguvu au wakiwa hawana uwezo wa kuridhia, tangu walipojiunga na chuo. Hao ndio tunaotaka kuwaiga? Na je, sisi tumehesabu wa kwetu?

Sasa sikiliza, ewe ndugu yangu. Mwezi wa Aprili 2011 Idara ya Elimu ya Marekani iliviandikia vyuo kwamba usuluhishi haufai katika kesi za kushambuliwa kingono, hata kama pande mbili zimeridhia. Mwaka 2017 waraka huo ukaondolewa. Mwaka 2020 zikatolewa kanuni mpya, zikaanza kutumika mwezi wa Agosti mwaka huo, zikaruhusu njia isiyo ya kuhukumiana. Kanuni nyingine za mwaka 2024 zilibatilishwa na mahakama Januari 2025, na zile za 2020 zikarudi. Kwa hiyo aliyesema kwamba mlango umefunguliwa kule amesema kweli. Lakini hakututajia masharti ya kuingia. Nayo ni haya:

Kwanza, ni lazima mashtaka rasmi yawe yameshaandikishwa. Kikao hakianzi kwa kuficha, huanza baada ya jambo kudhihirishwa kwa wenye mamlaka ya chuo.

Pili, pande zote mbili ziridhie kwa hiari na kwa maandishi, baada ya kuelezwa haki zao. Chuo hakiruhusiwi kumshurutisha mwanafunzi akubali suluhu ili aendelee na masomo.

Tatu, yeyote anaweza kujitoa kabla ya makubaliano kufikiwa, na mashtaka yakaendelea kama kawaida.

Nne, mfanyakazi wa chuo anapotuhumiwa kumdhulumu mwanafunzi, mlango huu umefungwa kabisa. Mwalimu na mwanafunzi hawasuluhishwi, kwa kuwa mmoja ameshika kalamu ya alama za mwenzake.

Kisha wenye kuendesha vikao hivyo wana sharti jingine la msingi, nalo ni kwamba aliyekosa aanze kwa kukiri wajibu wake. Asiyekiri hana nafasi katika kikao cha namna hiyo. Huyo ni wa kuchunguzwa. Kila upande huandaliwa peke yake kabla ya kukutana, na aliyeumizwa akitaka asimwone kabisa yule aliyemuumiza, hulazimiki kumkutanisha naye. Makubaliano huandikwa, tena husimamiwa yatekelezwe. Katika jimbo la Arizona, baina ya mwaka 2003 na 2007, mtafiti Mary Koss na wenzake waliendesha mpango wa namna hii kwa makosa ya kujamiiana. Kesi zililetwa na waendesha mashtaka wenyewe, na aliyekiri aliwekwa chini ya uangalizi kwa muda wa miezi kumi na miwili.

Linganisha, ndugu yangu. Kwao, mashtaka huandikwa kwanza; kwetu, sharti la kwanza ni kutoandika mashtaka. Kwao, aliyeumizwa ndiye anayeulizwa anataka nini. Kwetu, yuko nyuma ya pazia. Kwao, aliyekosa hufika na kukiri kwa ulimi wake; kwetu, ana mitihani. Kwao, utekelezaji hufuatiliwa. Kwetu, shilingi laki tano za mavuno mpaka leo hazijalipwa. Ni mfanano upi huo uliopigiwa takbira?

HATA KWAO KUNA MALALAMIKO

Wala tusidhani kwamba kwa masharti yote hayo mambo yao yamesafika. Desemba 2014, katika Chuo Kikuu cha Dalhousie huko Halifax, Kanada, iligundulika kwamba wanafunzi wa kiume wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno walikuwa na kundi lao katika mtandao wa Facebook, wakiandika maneno machafu na mzaha wa kuwabaka wasichana wa darasa lao. Kundi hilo lilihusishwa na wanafunzi 13. Chuo kikachagua njia ya urejesho, na ripoti yake ikatoka Mei 2015. Wako wasichana walioshiriki kwa hiari na wakasema wazi kwamba hawakulazimishwa. Lakini wengine wanne walimwandikia rais wa chuo kwamba wanahisi kusukumwa wakubali njia hiyo badala ya mashtaka. Tazama: hiari iliandikwa kwenye karatasi, na bado wako waliohisi kusukumwa. Itakuwaje pale ambapo hata karatasi ya hiari haipo, na anayesukuma ni baba, ami na imamu?

Watetezi wa wanawake kule huonya pia kwamba chuo kinachoogopa jina lake kuchafuka hupenda sana njia ya kimya kimya. Na huonya zaidi kuhusu ukatili wa wapenzi, yule anayempiga mwenziwe mara kwa mara, anayemnyang'anya simu, anayemtisha kwa picha. Katika hali hiyo kikao chaweza kuwa hatari, kwa sababu jicho moja la yule aliyezoea kumpiga linatosha kumfunga mdomo. Atasema "nimesamehe" huku anatetemeka. Wanachuoni wetu wangeliliita jambo hilo ikrahi, na tamko la aliyelazimishwa halimfungi.

KIPIMO CHETU NI KITABU NA SUNNA

Lakini sisi hatuihukumu dini kwa Marekani. Hata kama Wamarekani wote wangekubaliana juu ya jambo, tungelirudisha kwenye Kitabu na Sunna. Basi na tulirudishe.

Imam Bukhari, katika Sahihi yake, ana Kitabu cha Sulhu. Ndani yake ameweka mlango mahsusi wa kubainisha kwamba watu wakisuluhishana juu ya dhuluma, sulhu hiyo ni yenye kurudishwa. Chini ya mlango huo akaleta Hadithi ya bedui ambaye mwanawe alikuwa kibarua wa mtu, akazini na mke wa mwajiri wake. Baba akamlipa mume kondoo mia na kijakazi ili jambo liishe. Kisha akauliza wenye elimu, wakamwambia sivyo. Walipofika kwa Mtume (s.a.w.), aliamuru kondoo na kijakazi warudishwe kwa mwenyewe, kisha akahukumu kwa hukumu ya Allah. Kosa lile lilikuwa la ridhaa ya wawili. Ikiwa mali haikuweza kulinunua kosa la ridhaa, vipi milioni moja iliyolipwa nusu inunue kosa la kulazimisha?

Angalia pia Surat al-Hujurat, aya ya tisa, wanayoisoma sana wenye kupenda suluhu. Wanaisoma mwanzo wake tu. Allah (s.w.) Ameamrisha kupatanisha, kisha Akaamrisha kupigana na upande unaodhulumu mpaka urudi kwenye amri Yake, kisha ukirudi ndipo wapatanishwe kwa uadilifu. Dhalimu arudi kwanza. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, awe mtu tajiri au masikini. Hapakubakishwa nafasi ya kusema "huyu ni mtoto wa mfadhili wa msikiti".

Na imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Wail bin Hujr (r.a.), pamoja na maneno ya wanachuoni juu ya baadhi ya riwaya zake, kwamba mwanamke mmoja alitoka kwenda kusali gizani, mtu akamvamia na kumwingilia kwa nguvu. Alipiga kelele. Watu wakamkamata mwanamume aliyekuwa karibu, naye akasema yeye alikuja kusaidia tu. Walipofikishwa kwa Mtume (s.a.w.) na ikakaribia ahukumiwe asiye na kosa, akasimama mwenye kosa akakiri. Mtume (s.a.w.) akamwachilia mwanamke bila lawama, na akamsemesha kwa wema yule aliyetuhumiwa kimakosa.

Yamo mafunzo matatu. Mwanamke alisema hadharani, na hakuna aliyemwambia "funika aibu yako". Hakuhesabiwa kuwa mzinifu. Na la tatu, tusilisahau kwa ajili ya hasira: mtu asiye na kosa alikaribia kuangamia. Hii ndiyo sababu uchunguzi ni wajibu. Mwenye kujali haki ya kijana aliyesingiziwa naye pia asikubali vikao vyetu vya baraza, kwani humo hapachunguzwi chochote. Kijana asiye na hatia hutozwa pesa na kubaki na doa, na mwenye hatia hutoza wengine machozi akaondoka.

Tena Imam Malik katika Muwatta amesema kwamba mwenye kumlazimisha mwanamke huru atalipa mahari ya mfano wake, na adhabu iko juu yake, wala hapana adhabu juu ya mwanamke. Abu Hanifa amekhitalifu katika habari ya mahari, hakukhitalifu kwamba aliyelazimishwa hana kosa. Fahamu vyema: kwa Malik mali imeongezwa juu ya adhabu, haikuwekwa mahala pake. Na hata sheria ya nchi yetu, tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inamtaka mbakaji afungwe si chini ya miaka 30 na pia amlipe fidia aliyemdhulumu. Mahakama zinaruhusiwa kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya binafsi. Ubakaji haumo.

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Wanasema: "Tumeamrishwa kusitiriana." Ni kweli, na mwenye kumsitiri Mwislamu Allah atamsitiri. Lakini sitara ni kwa aliyeteleza baina yake na Mola wake. Ama aliyevamia haki ya mja mwingine, kumsitiri ni kumsaidia. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumnusuru ndugu yetu dhalimu, na alipoulizwa namna yake akabainisha kuwa ni kumzuia asidhulumu. Uliyemficha mwaka jana, mwaka huu yuko kwenye chumba cha binti wa nani?

Wanasema: "Imekuja Hadithi ya watu kusameheana katika hudud kabla hazijafika kwa mtawala." Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, na tunaijibu kwa heshima. Ni nani anayesamehe? Safwan bin Umayya aliibiwa shuka yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kusamehe, akaambiwa mbona hakufanya hivyo kabla ya kumleta mwizi. Aliyesamehe alikuwa mwenye shuka. Si ami yake, si jirani yake. Haki ya mja husamehewa na mja mwenye haki. Binti aliyebaleghe, mwenye akili, mwenye kusoma chuo, ndiye mwenye haki. Walii ana mamlaka katika kumwozesha, tena kwa idhini yake. Hana mamlaka ya kuuza maumivu yake.

Wanasema: "Alijipeleka mwenyewe chumbani kwa kijana." Nami siwezi kunyamaza juu ya hili, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa dini. Khalwa ni haramu, na mahusiano haya ya vyuoni tunayakataza kwa wavulana kama tunavyoyakataza kwa wasichana. Lakini kosa la khalwa wamelifanya wawili. Kosa la kulazimisha amelifanya mmoja. Tangu lini dhambi ya mtu ikahalalisha mwili wake? Anayeacha mlango wazi amezembea, na aliyeingia kuiba bado ni mwizi. Na mbona khalwa ya kijana haikutajwa katika kikao?

Wanasema: "Tuwaozeshe, aibu iishe." Khansaa bint Khidam aliozwa na baba yake bila ya ridhaa yake, akamshitakia Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikarudishwa. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya mume ambaye hakumtaka tu, basi ni fiqhi gani inayompeleka binti akalale maisha yake yote na yule aliyemvunja?

Wanasema: "Mtamharibia kijana maisha." Na aliyekatisha masomo mwaka wa pili, maisha yake yalikuwa ya nani? Aliposemewa mwanamke wa Makhzum, wa ukoo mtukufu, Mtume (s.a.w.) alikasirika, akabainisha kwamba waliotutangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu na kumwadhibu mnyonge. Kijana akitubia, mlango wa toba uko wazi, na katika sharti za toba ni kurudisha haki kwa mwenyewe. Kumkwepesha na haki ni kumfungia huo mlango.

LA KUFANYA

Ndugu viongozi wa misikiti, tukiishia kulaumu tutakuwa hatujafanya kitu. Napendekeza haya:

1. Binti anapoleta malalamiko ya kuingiliwa kwa nguvu, asiitwe kikaoni. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na mama au mwanamke anayemwamini. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazina faida zikichelewa kupita saa 72. Polisi hutoa fomu ya PF3, na lipo dawati la jinsia na watoto. Vikao vyetu vya usiku tatu mfululizo vimewapita wengi saa hizo.

2. Imamu asiandike, asishuhudie wala asiombee dua mkataba wowote wenye sharti la kutokwenda kwenye vyombo vya sheria. Akiletewa karatasi hiyo, airudishe kama walivyorudishwa kondoo mia.

3. Kila msikiti uwateue wanawake wawili au watatu wenye elimu na siri, ambao mabinti watawaendea. Binti hawezi kuyaeleza haya mbele ya wanaume saba.

4. Anayetuhumiwa asihukumiwe kwa uvumi wala asitangazwe mimbarini. Tumeamrishwa kubainisha. Achunguzwe na wenye kazi hiyo.

5. Kwa yale yaliyo chini ya hayo, kama maneno machafu, ujumbe wa kuudhi, kusumbuana njiani, sulhu ina nafasi. Lakini iwe na masharti yake: binti aridhie mwenyewe na atajwe jina lake, mkosaji afike na akiri, chuo kijue, na awepo wa kusimamia yaliyoahidiwa. Tukijifunza masharti haya kutoka popote, hekima ni kitu kilichompotea muumini. Na binti akisema hataki kikao, basi limekwisha.

Ndugu zangu, mabinti tuliowafundisha alifu na bee katika mikeka yetu ndio hao leo wako vyuoni. Tuliwaambia kwamba Uislamu ulikuja kumtoa mwanamke katika kuzikwa hai. Watatuaminije, tukiwazika kwa karatasi, kalamu na maandazi? Siku ambayo yule aliyezikwa hai ataulizwa kwa dhambi gani aliuliwa, naogopa kuulizwa na mimi kwa dhambi gani sikumwandika jina.

Mwaka huu nilimwendea baba yake. Nilimwambia kwamba nakala yangu ninayo, na kwamba binti akitaka kuitumia mbele ya chombo chochote nitasimama kushuhudia jinsi ilivyoandikwa, nani walikuwepo na nani hakuulizwa. Hakunijibu. Binti mwenyewe alituma salamu kwamba amesikia, na kwamba atafikiri. Ni haki yake kufikiri, na safari hii hapana yeyote atakayefikiri kwa niaba yake.

Namuomba Allah (s.w.) Atusamehe tuliyoyatanguliza, Amnusuru kila aliyedhulumiwa, na Atujaalie tuwe wenye kusimamisha uadilifu japo dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.